Kulinda pori la jirani na watu kumi wa kujitolea: anzeni na miguu, miche baadae

Kila mvua zikikaribia naulizwa swali lile lile, tuna kikundi, tuna moyo, kuna pori hapo jirani linaliwa kidogo kidogo, tuanzie wapi? Na kila mara anaeuliza anakuwa ameshaagiza miche na tisheti. Jibu langu nalo ni lile lile, miche iacheni kwanza, tisheti ziacheni kabisa, tafuteni buti na daftari. Siku moja ya watu mia mbili hailindi kitu, wanaolinda ni wale kumi wanaorudi kila mwezi, jua liwe kali au tope liwe magotini, kwa hiyo naandika hii kwa urefu ili nikiulizwa tena niwe natuma tu.

Kabla hamjaingia jueni pori ni la nani. La serikali, la kijiji, la taasisi, la mtu binafsi, kila moja lina mlango wake wa kubisha hodi na lazima mbishe. Kikundi kinachokusanya waya za mitego bila mwenye msitu kujua kinaweza kukutwa nazo mkononi kikaonekana ndo kinatega, sasa hapo utaanza kujieleza vipi? Ombeni ruhusa kwa maandishi, semeni mtafanya nini na nini hamtagusa, na muulize mambo mawili mapema kabisa: tukikuta mtego tuutoe au tuuache tupige simu, na tukikuta shida tumpigie nani. Pateni namba ya askari wa zamu, sio namba ya ofisi inayopokelewa mpaka saa tisa mchana.

Alafu chagueni njia. Sio msitu mzima, njia moja ya mzunguko, masaa matatu manne hivi, ipite mtoni, ipite ukingoni kunakopakana na mashamba, na ipite ndani kidogo. Mtaitembea hiyo hiyo kila mwezi mpaka muichoke, na mkishaichoka ndo inaanza kuwapa faida, maana mwezi wa kwanza utaona miti tu, mwezi wa nne utaona kisiki kibichi ambacho hakikuwepo, utaona alama ya tairi la pikipiki mahali ambapo pikipiki haina kazi, utasikia kimya pale palipokuwa na kelele za ndege. Kwenye daftari andikeni vichache lakini kila safari: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, nani alikuwepo, visiki vipya na ni vya mti gani, mitego, tanuru za mkaa, moshi, wanyama mliowaona au kinyesi chao. Na siku ambayo hamjaona kitu andikeni "hatujaona kitu", hili watu wanalidharau sana, ila bila hilo baada ya mwaka hutajua kama ule mwezi pori lilitulia au nyie ndo hamkwenda.

Kwa jipiesi (GPS, ile inayokupa namba za mahali ulipo) simu ya kawaida inatosha. Kusoma satelaiti hakuhitaji bando wala mtandao, kinachohitaji mtandao ni ramani, kwa hiyo shusheni ramani ya eneo mkiwa bado nyumbani. Ila kuna mtego mmoja hapa ambao sisi tuliuingia kichwa kichwa. Picha ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida zile taarifa za mahali ilipopigwa zinafutwa, anaepokea anapata picha tupu. Mwenzetu alikuta visiki vipya vya miti mikubwa, akapiga picha safi, akatuma kwenye grupu tukapongezana, wiki hiyo hiyo simu yake ikaingia maji ikafa. Askari alipotuuliza ni wapi hasa tulichokuwa nacho ni picha ya kisiki, na visiki bwana vinafanana, tulizunguka siku nzima tukirudi pale pale. Tangu hapo sheria ni kwamba picha inatumwa kama dokyumenti, na namba za jipiesi zinaandikwa kwa kalamu hapo hapo kabla hujasogea mguu.

Sasa mitego ya waya, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kazi ambayo watu wa kujitolea wanaweza kuifanya vizuri kuliko yeyote, inataka macho mengi na subira tu. Waya unakuwa wa breki ya baiskeli, wa klachi ya pikipiki, wa umeme, au nyuzi zilizotolewa kwenye tairi lililochomwa. Kitanzi kinawekwa kwenye njia ya wanyama, cha sungura kinakaa karibu na ardhi, cha mnyama mkubwa kinafika gotini na kupanda, ncha ya pili imefungwa kwenye shina au gogo. Ukikaa unashika kutu unakuwa rangi moja na mizizi, kwa hiyo ukitafuta waya hutauona. Tafuta mkono wa mtu. Tafuta tawi lililokatwa kwa panga na kusimikwa, tafuta kiuzio cha matawi makavu katikati ya pori ambacho hakizuii chochote, alafu tazama kama kuna pengo kwenye huo uzio, maana pengo ni mlango aliotengenezewa mnyama na kitanzi kiko mlangoni. Ukikuta shina limechubuka gome kwa mviringo na ardhi imefagiwa duara kulizunguka, nyasi zote zimelala, hapo kuna mnyama alizunguka mpaka akachoka.

Tembeeni kwa mstari, mkiachana hatua tano mpaka kumi kutegemea vichaka vilivyofunga, anaelijua pori akae katikati, anaeona kitu apige mluzi na wote wasimame pale pale walipo. Mtego hauishi peke yake, mwenye kutega anatega mfululizo, ukipata mmoja rudini taratibu kulia na kushoto kabla ya kushangilia. Mkiwa mmeruhusiwa kuutoa, picha kwanza, jipiesi, kisha ufungueni kuanzia kwenye shina muondoke nao wote. Kukata kitanzi ukaacha waya unaning'inia ni kumrudishia mwenyewe mali yake, kesho atapinda kingine. Mnyama akiwa hai kwenye kitanzi usimsogelee hata kama roho inakuuma, akikuona anajirusha na waya unazidi kuzama, na kwato zake zinavunja mguu wako bila shida, rudini nyuma kimya mpige simu wanaojua kumlaza na kumfungua. Na mkikutana na mtu mwenye panga na mbwa, salimieni, mpite, mkifika mbali ndo mpige simu. Hamna mamlaka ya kumkamata mtu, na mnaetaka kumkamata mara nyingine anawajua majina mpaka ya watoto wenu.

Magugu vamizi nayo ni kazi nzuri ya kujitolea lakini ina ujanja wake. Chukua lantana, ile yenye vishada vya maua ya rangi mchanganyiko, asili yake ni Amerika ya kitropiki ila siku hizi iko karibu kila nchi ya joto, ndege wanakula vitunda vyake vyeusi wanazipeleka mbegu mbali, na majani ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi kwa hiyo usitegemee mifugo ikusaidie kuimaliza. Ukifyeka umeipogoa tu, inarudi imenona. Inang'olewa na kile kifundo cha chini mizizi inapoanzia, udongo ukiwa umelowa, na baada ya miezi michache mnarudi kwa machipukizi. Kosa kubwa ni kushambulia pale ilipojaa zaidi. Kuna dada wawili wa Australia, Joan na Eileen Bradley, walikuwa wakisafisha mapori ya Sydney kuanzia miaka ya 1960 kwa kung'oa kwa mkono, na walichogundua ni kwamba unaanzia pale msitu ulipo mzima wenye magugu machache, unasogea polepole kuelekea palipoharibika, na unaenda kwa mwendo ambao mimea ya pale inaweza kujaza nafasi uliyoiacha. Ukifungua eneo kubwa kwa mkupuo mmoja, jua linaingia na magugu yale yale ndo yanawahi kuota. Alafu wiki ya kwanza msing'oe kitu bila mtu anaejua mimea, sisi tuling'oa kwa hamasa nusu siku nzima mzee mmoja akapita akatuonyesha kwamba rundo letu lina vichipukizi vya miti ya pale pale vya kutosha kuanzisha kitalu. Aliongea kwa upole, tulitamani agombe.

Haya, miche, najua mlikuwa mnaisubiri. Kabla ya kupanda tazameni chini kama kuna visiki vinavyochipua. Tanzania wanaita kisiki hai na jina limekaa vizuri: mti umekatwa lakini mizizi iko hai, unachagua machipukizi matatu mpaka matano yenye nguvu, mengine unayaondoa, unapogoa matawi ya chini mpaka kama nusu ya urefu, unaweka alama watu wasikate. Mizizi imeshafika kwenye maji zamani, hiyo chipukizi inakimbia kuliko mche wowote wa kwenye kiriba. Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alipoishupalia mbinu hii Niger kuanzia 1983 alikuwa amechoka kuona miche inakufa mwaka baada ya mwaka, na leo eneo lililorudishiwa miti kule kwa njia hii linahesabiwa kuzidi hekta milioni 5. Kama kisiki hakuna kabisa, ndo mpande, na mpande mbegu za miti mama ya msitu huo huo. Nia njema haitoshi, mathenge, mti wa miba wa kigeni, ilipelekwa Baringo kule Kenya miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni na kuzuia jangwa, na leo watu wanahangaika namna ya kuing'oa. Na tafadhali sana, uwanda wa nyasi sio msitu ulioharibika, una wanyama wake na ndege wake, msiujaze miti.

Mkishapanda hesabuni iliyopona. Green Belt Movement, shirika la kupanda miti la Wangari Maathai kule Kenya, ilianza 1977 kwa miti 7, na kina mama waliokuwa wakiotesha na kupanda miche walipewa malipo kidogo kwa mche uliopona, sio uliopandwa. Nyie hamlipani kitu lakini kanuni ichukueni hivyo hivyo. Kwenye daftari kuwe na tarehe ya kurudi kuhesabu baada ya kiangazi cha kwanza, na kama hakuna mtu wa kumwagilia na kupalilia kipindi hicho basi pandeni michache. Kiriba cha plastiki kitolewe, hata kuandika naona aibu lakini nimefukua miche iliyokufa ikiwa imevaa.

Njia za waenda kwa miguu zikianza kuchimbika shida ni maji, sio miguu. Maji yakipata njia iliyonyooka kuteremka yanaigeuza korongo msimu mmoja. Lazeni gogo au mawe mshazari kukatiza njia, yazame nusu ardhini, upande wa chini muache upenyo maji yatoke kwenda vichakani. Kona ambazo watu wanakata njia ya mkato zibeni kwa matawi yenye miba, vibao vya kukataza havisomwi na mtu.

Barabara ya moto, ule ukanda mtupu wa kuzuia moto usivuke, isafishwe kabla ya kiangazi, mpaka udongo mtupu uonekane, majani makavu ya sentimita mbili yanatosha kuuvusha moto. Moto wenyewe ukiwaka waachieni wenye mafunzo, kazi yenu iwe kuuona mapema na kusema uko wapi.

Kitu kinachoua vikundi lakini ni watu. Mtu mmoja asiwe na kila kitu, daftari liwe na nakala, ruhusa iwe na majina mawili, kila mzunguko awepo mtu wa nyumbani anaejua mnatoka saa ngapi na atafanya nini msipotoka. Msiingie chini ya watu wanne, akiumia mmoja abaki nae mmoja na wawili wakatafute msaada. Na wale wanaookota kuni na kulina asali humo wakaribisheni mapema, kabla hata ya kuchagua njia. Wanajua mto unakauka mwezi gani na pikipiki za usiku zinatokea upande upi, sema hawatakwambia kama siku ya kwanza umewaita wahalifu. Mzunguko wetu uliofanikiwa kuliko yote uliongozwa na mama ambae miaka ya nyuma tulikuwa tunamwandika kwenye daftari kama "uharibifu".

Picha mnazoweka mitandaoni ziangalieni mara mbili. Kiota, pango la popo, ua adimu, mti mkubwa wa mbao ghali, hivyo havitajiwi mahali, na iNaturalist, ile app ya kurekodi mimea na wanyama, yenyewe inaficha mahali halisi pa spishi nyingi zilizo hatarini. Selfi ya kikundi na waya mliokusanya ni nzuri, pigeni mkiwa mmeshatoka, mgongoni kusionekane kilima kinachojulikana.

Mkitoka kwangueni tope kwenye buti na mchambue mbegu zilizong'ang'ania soksi na suruali, hapo hapo ukingoni, mzitie kwenye mfuko mkazichome. Msipofanya hivyo mwezi ujao mtakuwa mnang'oa magugu mliyoyabeba wenyewe.