Somo: Vipimo vya ulimi na tundu kwenye kiti cha mninga

Kiti kikilegea, mara nyingi kimeanzia pale reli ya pembeni (ubao wa mlalo unaounganisha miguu) inapoingia mguu wa nyuma. Kila mtu anapoegemea, ulimi wa reli hiyo (ncha yake iliyopunguzwa) unapindwa ndani ya tundu lake mguuni. Basi kiungo hicho kipimwe kwanza, vingine vifuate. Mfano wetu una mguu wa mm 45 kwa 45, na reli yenye kimo cha mm 70 na unene wa mm 22.

1. Unene wa ulimi. Kanuni ya theluthi moja (ulimi uwe theluthi ya unene wa ubao) inafaa mbao mbili zenye unene sawa, kama fremu ya mlango. Hapa mguu ni mnene kuliko reli, kwa hiyo usiishie mm 7. Fanya mm 10, yabaki mabega (sehemu za reli zinazogota kwenye uso wa mguu) ya mm 6 kila upande. Tundu lichimbwe kwa patasi ya mm 10, na kipimo cha kuchorea kichukuliwe kwenye patasi yenyewe, si kwenye rula.

2. Kimo cha ulimi. Nguvu kubwa iko hapa. Ukizidisha unene mara mbili, ulimi unahimili kupindwa mara mbili; ukizidisha kimo mara mbili, unahimili mara nne. Mafundi wengi hunenepesha reli na kupunguza kimo chake ili kiti kionekane chepesi, na hapo ndipo wanapokipotezea uimara. Toa mm 6 juu na mm 6 chini, ubaki na mm 58. Kimo kisizidi mara sita ya unene: ulimi mpana mno husinyaa hadi gundi ikaachia, na tundu refu hudhoofisha mguu. Reli ikiwa pana zaidi, gawa ndimi mbili.

3. Urefu. Ulimi mm 30, tundu mm 32. Zile mm 2 ni za gundi inayosukumwa chini. Zikikosekana, mabega hayafiki kwenye mguu.

4. Mguu wa mbele. Reli inalingana na ncha ya juu ya mguu, hivyo anza tundu mm 15 chini ya ncha, la sivyo litapasukia juu; kwa hiyo ulimi wa upande huu utolewe mm 15 juu badala ya mm 6. Acha mguu mrefu kwa mm 20 wakati wa kuchimba, ukate ziada gundi ikishakauka. Ndimi za reli mbili hukutana ndani: kata ncha zake kwa nyuzi 45.

5. Kujaribisha. Ulimi uingie kwa kusukuma kwa mkono, au kugongwa kidogo kwa nyundo ya mbao. Ukibana sana unafuta gundi yote njiani na unaweza kupasua mguu. Mkazo uwe kwenye mashavu ya ulimi, yaani pande zake mbili pana, maana gundi hushika huko. Kwenye miisho ya tundu nyuzi zimekatwa, haishiki vizuri.

Maswali ya wanachama

Ulimi umelegea. Nijaze gundi na unga wa mbao?
Hapana, unga hauna nyuzi za kubeba mzigo. Gundisha kipande chembamba cha mninga kwenye shavu, nyuzi zikielekea upande mmoja na za ulimi, kisha kipunguze kwa randa.

Naweza kuongeza msumari?
Tumia kigingi cha mbao cha mm 6. Toboa mguu mm 10 kutoka begani, ingiza ulimi bila gundi, weka alama, kisha toboa ulimi mm 1.5 karibu zaidi na bega. Kigingi kilichochongwa ncha kitavuta reli ndani.

Mbao zangu hazijakauka sawasawa.
Reli ndiyo iwe kavu. Ulimi mbichi utasinyaa ndani ya tundu, hata kama uliingia vizuri siku ya kwanza.

Nikitumia paini badala ya mninga?
Ni laini, hivyo nenda mm 12 za unene, mabega mm 5. Kimo usikiguse.