Mtoto anaonewa au anataniwa? Jinsi ya kujua na hatua za kuchukua

Utani Tanga haukosekani, hata msibani. Ndiyo maana mzazi akilalamika shuleni, mara nyingi huambiwa, "Wanataniana tu hao." Mtafiti Dan Olweus, aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: una kusudi la kuumiza, unajirudia, na anayetendewa ni mnyonge mbele ya mtendaji, kwa umri, nguvu au wingi wa watu. Mtani ukimjibu, anacheka. Mbabe ukimjibu, anakuongezea.

Uonevu wa mwili huonekana upesi: michubuko, shati kuchanika, kupokonywa hela ya kula. Wa maneno hujificha kwenye jina la kejeli kuhusu kilema, rangi au kazi ya mama. Ulio mgumu zaidi kuutambua ni kususwa, kwa sababu hakuna anayeonekana kufanya kosa: mtoto akisogea, mazungumzo yanakatika, dawati lake halina mwenza. Kwenye simu, picha yake inageuzwa stika ya WhatsApp. Hapo hata tendo moja linatosha, maana kila anayeisambaza analirudia.

Angalia nyumbani. Anarudi na njaa ilhali alipewa hela. Anazunguka njia ndefu kukwepa mtaa fulani wa Ngamiani. Tumbo linamuuma Jumapili jioni, Ijumaa halimuumi. Baiskeli haina upepo kila siku, na fundi haoni tundu.

Usimuulize, "Nani anakuonea?" Atasema hakuna. Uliza, "Leo mapumziko ulikaa na nani?" Kisha andika kwenye daftari: tarehe, mahali, maneno yenyewe, waliokuwepo. Ujumbe wa simu usifutwe. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba na saa kabla mtoto hajatoka kwenye kundi.

Peleka daftari kwa mwalimu wa darasa. Asipochukua hatua, nenda kwa mwalimu mkuu. Usiombe tu "muwaangalie". Omba mwalimu atajwe atakayesimama mahali pale, saa ile (nyuma ya vyoo, kituo cha daladala), na mpange siku ya kukutana tena, wiki moja baadaye.

Kosa kubwa, na hufanywa kwa nia njema, ni kuwaita wote wawili ofisini wapeane mikono. Usuluhishi ni wa waliogombana wakiwa sawa. Huyu atasema "yameisha" kwa hofu, kisha atasubiriwa njiani. Kumchapa mbabe mstarini nako huzaa kisasi kilekile, na "mrudishie na wewe" humtuma mnyonge kwenye kipigo cha pili.

Kukiwa na jeraha, vitisho, kushikwashikwa au picha za utupu, usisubiri shule. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Picha za utupu usizisambaze hata kama ushahidi. Peleka simu yenyewe. Uonevu wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.