Somo: Sabuni, krimu au povu la kopo? Pima maji kwanza

Wengi hapa Lamu huuliza ni kitu gani bora cha kunyolea ndevu kabla hawajaangalia maji yaliyomo ndooni. Visima vyetu vingi vina kalsiamu na magnesiamu, na vilivyo karibu na bahari huongeza chumvi. Sabuni ikikutana na madini hayo hugeuka utando mweupe usioyeyuka, ule unaoganda ukingoni mwa beseni. Sabuni iliyokwisha kuwa utando haitoi povu tena, hata uwe umeinunua kwa bei gani.

Hatua ya 1: Pima maji. Tia maji robo ya chupa safi ya nusu lita. Kwangua sabuni ya mche kiasi cha punje ya mahindi, itie, tikisa kwa nguvu sekunde 10. Povu likijaa na kubaki dakika mbili, maji ni laini. Yakiwa meupe kama tui jepesi na povu ni haba, ni magumu. Usipime kwa sabuni ya unga au ya maji: hizo hutoa povu hata kwenye maji magumu, zitakudanganya.

Hatua ya 2: Chagua.

Sabuni ngumu ya kunyolea ndiyo inayodumu kuliko zote na ndiyo yenye povu zito zaidi. Hutengenezwa kwa asidi ya steariki, itokayo kwenye mafuta, iliyochanganywa na magadi makali ya potasiamu na ya sodiamu, pamoja na gliserini. Steariki hufanya povu lisimame. Potasiamu huifanya sabuni iyeyuke upesi kwenye brashi. Lakini hiyo ndiyo inayoteswa na maji magumu kuliko nyingine.

Krimu ya tyubu ni sabuni ileile, ila ina maji mengi na karibu yote ni ya potasiamu. Hupigika hata kwa vidole. Kwa nyumba ya kawaida isiyo na birika la mvua, tunapendekeza hii.

Povu la kopo limekwisha kupigwa, maji yako hayalihusu sana. Lakini sehemu kubwa ya unachokiona ni gesi, hukauka upesi na wembe hukwama. Lafaa safarini.

Hatua ya 3: Lainisha ndevu. Lowesha uso dakika tatu, au nyoa baada ya kuoga. Unywele ulionyonya maji hukatika kwa nguvu ndogo sana. Hatua hii ina faida kuliko kubadilisha krimu, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Hatua ya 4: Piga povu. Kwa povu tumia maji ya mvua ukiyapata, maana hayo ni laini. Glasi moja yatosha, kwa hiyo jerikeni ya lita 5 ni kunyoa mara 20. Kuoshea wembe, ya kisima hayadhuru. Lowesha brashi, ikung'ute mara mbili, izungushe juu ya sabuni sekunde 30 (au weka krimu kiasi cha njugu moja bakulini). Piga dakika moja, ukiongeza maji matone matatu kila mara. Acha likianza kung'aa na halina viputo vinavyoonekana. Likiwa zito na halina mng'ao, maji ni machache, wembe utavuta. Likiwa na viputo vikubwa vinavyopasuka, maji yamezidi: rudi kwenye sabuni sekunde 10.

Hatua ya 5: Nyoa kwa kufuata ndevu zinakolala, bila kukandamiza.

Maswali ya wanachama

*Shela: Nikichemsha maji ya kisima yatalainika?*
Kwa sehemu. Ugumu wa aina moja huganda chini ya sufuria kama ukoko. Yaache yatulie, uchote ya juu. Chumvi ya bahari haitoki kwa kuchemsha.

*Matondoni: Mabaharia huogea sabuni ya mafuta ya nazi kwenye maji ya chumvi, na povu hutoka. Mbona isiwe ya kunyolea?*
Ni kweli kaka, sabuni ya nazi hutoa povu hata baharini. Ila viputo vyake ni vikubwa, hufa kabla hujamaliza shavu moja, na hukausha ngozi. Kama huna nyingine, paka upya kila sehemu unapoifikia.

*Langoni: Assalaam aleikum. Brashi nyingi ni za nywele za nguruwe. Nifanyeje?*
Wa aleikum salaam ndugu. Chukua ya nyuzi za viwandani. Pakiti huandikwa "synthetic". Hainyonyi maji, hukauka upesi, na kwa unyevu wa hapa haishiki harufu ya uvundo. Angalia na sabuni pia: "tallow" ni mafuta ya mnyama.

*Mkomani: Krimu gani inazuia vipele vya shingoni?*
Hakuna. Ndevu za kujikunja zikikatwa chini mno, ncha hurudi ndani ya ngozi. Tumia wembe wa makali mamoja badala ya wa makali matano, usivute ngozi, usinyoe kinyume. Ukimaliza, pitisha shabu iliyoloweshwa, subiri sekunde 30, suuza.

*Malindi: Geli yangu ya kunyolea ya kopo hufumka mkononi kabla haijafika usoni.*
Ndani mna isopenteni, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi 28 hivi. Imekusudiwa ichemke ikigusa uso, lakini wakati wa kaskazi chumba chenyewe kimepita hapo. Simamisha kopo dakika 10 kwenye maji ya mtungi wa udongo, toa kiasi cha tende moja, upake mara moja. Usiliache juani dirishani, na likiisha usilitupe motoni: gesi iliyobaki hulipua.