Somo: Kuelewa na kutumia nomino ya Kiingereza "time"

Mwaka 2006 watunzi wa kamusi za Oxford walitangaza kwamba, kati ya nomino zote walizozihesabu katika mkusanyo wao mkubwa wa matini za Kiingereza, "time" ndiyo inayotumika zaidi. Mwanafunzi wa kwetu hukutana nayo mapema, huambiwa kuwa maana yake ni wakati, na mara nyingi huishia hapo. Kumbe Kiswahili kina maneno kadhaa yanayofanya kazi hiyo, yaani wakati, muda, mara, saa na zama, na asiyejua ni lipi linalohusika katika sentensi aliyonayo atakosea sarufi hata kama maana ameipata.

Hatua ya kwanza: Tenganisha muda na mara

Chukua sentensi mbili: "Sina muda mwingi" na "Nimekwenda Tanga mara nyingi". Kwa Kiingereza ya kwanza ni "I don't have much time", na ya pili ni "I have been to Tanga many times". Pale panapofaa kusema muda, nomino hii haihesabiki: haipokei "s", haitanguliwi na "many", bali huandamana na "much", "some", "enough" au "no". Pale panapofaa kusema mara, huhesabika kama nomino nyingine yoyote, na ndiyo maana tunasema "three times", "several times" na "every time". Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika somo hili, na ningependa msomaji asivuke kwenda hatua ya pili kabla hajatunga sentensi zake mwenyewe za kila aina.

Mara moja na mara mbili zina maneno yake, "once" na "twice", ambayo katika maandishi rasmi hupendelewa kuliko "one time" na "two times". Kuanzia mara tatu ndipo "times" inaposhika nafasi. Hata katika hesabu lugha hizi mbili zinakwenda sambamba, kwani "tatu mara nne" ni "three times four".

Hatua ya pili: Angalia kama unazungumzia saa

Ukiuliza "Saa ngapi?" utasema "What time is it?", lakini katika jibu utataja saa yenyewe, "It is seven o'clock", wala si "seven time". Kwa kuwa sisi huanza kuhesabu saa za mchana tangu macheo na za usiku tangu machweo, ilhali Waingereza huanzia usiku wa manane na adhuhuri, "seven o'clock" yao ni saa moja yetu, na tofauti hiyo ya saa sita haibadiliki.

Tatizo zaidi ni kwamba neno letu saa hutaja pia urefu wa muda. "Alifika saa mbili" ni "He arrived at eight o'clock", lakini "Alisubiri saa mbili" ni "He waited for two hours". Soma sentensi nzima kwanza, ndipo utafsiri.

Hatua ya tatu: Chunga kihusishi kinachotangulia

"On time" maana yake ni kwa wakati uliopangwa, na "in time" maana yake ni kuwahi kabla jambo halijapita. Treni ya Morogoro ikiondoka katika dakika ile ile iliyoandikwa kwenye tiketi, "the train left on time". Abiria aliyekuja mbio akaingia milango ikiwa bado wazi, "he arrived in time to catch the train". Treni ina ratiba, abiria amewahi. Ukiona kitenzi kuwahi kinakaa vizuri katika sentensi yako ya Kiswahili, chagua "in time".

Hatua ya nne: Misemo ichukuliwe mizima

"Take your time" ni "usiwe na haraka", na "have a good time" ni kufurahi au kustarehe. Kusema "chukua muda wako" au "kuwa na muda mzuri", kama inavyosikika siku hizi hata redioni, ni kuharibu Kiswahili pasipo kujifunza Kiingereza. "Times" bila idadi, kama katika "ancient times", ni zama au nyakati.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kama "time" yenye maana ya muda haihesabiki, mbona husemwa "a long time"?

Jibu: Swali zuri sana. Muda ukielezwa kwa sifa kama kipande kimoja chenye urefu wake, Kiingereza huukubalia "a": "a long time", "a short time". Hata hivyo hatuendi hadi "two long times". Katika maandishi rasmi usiiache hiyo "a", kwa hiyo andika "I waited for a long time".

Swali: Wanafunzi wangu huandika "It is my first time to come here". Je, niwasahihishe?

Jibu: Naam, wasahihishe. Sentensi hiyo inasikika sana Afrika Mashariki na inaeleweka, ila Kiingereza sanifu kinataka "This is the first time I have come here", kitenzi kikiwa katika hali timilifu. Ukisimulia yaliyopita, kila kitu kinarudi nyuma hatua moja: "It was the first time I had seen the sea".

Swali: Nimesoma "It's time we left" ilhali watu walikuwa bado wamekaa. Kwa nini kitenzi kiko katika wakati uliopita?

Jibu: Umbo ni la wakati uliopita, lakini maana ni ya sasa: tungepaswa tuwe tumekwisha kuondoka. Ukitaka kukwepa ugumu huo, sema "It's time to leave", ambayo ni sahihi vilevile.

Swali: Katika mpira, "injury time" na "extra time" ni kitu kimoja?

Jibu: La. "Injury time" ni dakika anazoongeza mwamuzi mwishoni mwa kila kipindi kufidia zilizopotea. "Extra time" ni vipindi viwili vya dakika 15 kila kimoja, vinavyochezwa katika michezo ya mtoano iwapo dakika 90 zimekwisha kwa sare, na vyenyewe pia vinaweza kuwa na "injury time" yake.