Kuvuka reli na semi: hesabu piga kabla hujaingia

Wazee wa usukani, kuna kitu nakiona sana barabarani kinanitisha, mtu ana semi, lile lori la kichwa na tela, imejaza kabisa, anafika kwenye reli anapunguza kidogo, anachungulia kushoto kulia kama anavuka na baiskeli, afu huyoo. Gari ndogo inavuka fasta inaondoka. We una mita kumi na kitu za chuma nyuma yako, na kichwa kikishavuka ujue bado hujavuka.

Cheki hii hesabu. Semi ya kawaida ikianza kutoka kwenye kusimama inahitaji angalau sekunde 14 kuimaliza reli ya njia moja, na zaidi ya 15 kama njia ni mbili. Sasa kwa Marekani, kwenye vivuko vyenye taa, sheria inataka taa ziwake angalau sekunde 20 kabla treni haijafika. Yani ukipoteza sekunde sita tu unahangaika na gia, ndo basi tena. Na treni usiitegemee ikuone ikafunga breki, treni ya mizigo iliyokolea mwendo inaweza kula kilomita moja na nusu au zaidi ndo isimame, dereva wake anakuona vizuri tu ila hana cha kufanya zaidi ya kupiga honi. Haina usukani wa kukukwepa.

Kwa hiyo kwanza kabisa, kabla hujagusa reli, angalia ng'ambo. Kuna nafasi ya gari lako LOTE, mpaka bampa ya nyuma ya tela, na kama mita moja na nusu ya ziada? Maana behewa linatokeza nje ya reli karibu mita nzima, unaweza kudhani umeshatoka kumbe mkia bado uko njiani kwake. Kama mbele kuna foleni au kuna taa za barabarani karibu, subiri hukuhuku. Wa nyuma wapige honi mpaka wachoke, hao hawatakuja kukuokota. Mi hapa ndo naona madereva wengi wanaumia, sio kwamba hawakuiona treni, waliingia wakidhani foleni itasogea.

Ukisimama, simama mita 5 mpaka 15 kutoka reli ya kwanza. Zima redio, shusha vioo, muulize tanboi wako upande wa kushoto kukoje, afu usimwamini sana, sogeza kichwa mwenyewe uangalie maana vioo vya pembeni vinaficha kitu kikubwa tu. Na macho yanadanganya, kitu kikubwa kama treni kikija kinaonekana kinatembea polepole. Treni ya kilomita 90 kwa saa ikiwa mita 400 inakufikia ndani ya sekunde 16, sasa rudi kwenye zile 14 zako.

Ukiamua kuvuka, weka gia nzito itakayokutoa mpaka mwisho na usiiguse tena juu ya reli. Njia zikiwa mbili, treni ya kwanza ikipita usiondoke hapohapo, ya pili inaweza kuwa imejificha nyuma yake. Geti likikushukia ukiwa katikati, usisimame kulionea huruma, livunje utoke.

Wenye lobedi za kubeba makatapila, nyie mna kesi yenu. Tuta la reli likiwa juu, tumbo la tela linakaa pale na matairi yanabaki yanaelea. Kagua njia kabla ya safari, ukiona kibao cha tuta tafuta kivuko kingine hata kama ni mzunguko. Mwinuko mbaya sio wa lobedi peke yake pia. Mwaka 2022 kule Mendon, Missouri, tipa la kokoto lilivuka kwenye kivuko kisicho na geti wala taa, chenye mwinuko mkali na pembe mbaya ya kuona, treni ya abiria ikaligonga na watu 4 wakafa, dereva wa tipa akiwemo.

Sasa ukikwama kweli. Usibaki unakanyaga mafuta, dakika ni mali. Shukeni wote, ondokeni relini, na kama treni inakuja kimbieni mkitoka pembeni ila mkielekea upande inakotokea, sio inakoelekea, maana vyuma na mzigo vinarushwa mbele. Kwa Marekani vivuko vina kibao chenye namba ya simu ya watu wa reli na namba ya kivuko chenyewe, kama kivuko chako kinacho piga hiyo kwanza, afu polisi, afu bosi wa gari awe wa mwisho. Na hata kama umejinasua mwenyewe na hamna treni, bado piga, tumbo la tela likikwaruza pale linaweza kuwa limeharibu reli na anayekuja hajui.