Kabla hujasema India ana ndege nyingi kuliko Pakistan

Mei 2025, India na Pakistan zilipopigana siku nne, kijiwe chetu cha kahawa hapa Mwanza kiligawanyika kama uwanja wa mpira. Benchi la ukutani India, benchi la barabarani Pakistan. Dogo mmoja wa bodaboda alikuwa na jedwali kwenye simu: ndege, vifaru, askari, na kila mstari namba ya India ndiyo kubwa. "Mechi imeisha," akasema. Wa benchi la pili naye akachomoa simu yake: Rafale, zile ndege za Kifaransa za India, zimetunguliwa. Hapo ndipo wakanigeukia mimi, kwa kuwa nimefungua na kufunga injini za ndege ndogo miaka 26 kabla ya kustaafu. "Mzee, wewe ndege unazijua. Nani mkali?"

Nikawaambia leteni daftari.

Chora safu tatu. Ya kwanza andika uwezo, ya pili sababu, ya tatu nia. Sikuzibuni mimi. Ni za Mwalimu, Novemba 1978, Amin alipokuwa ameshaingia Kagera. Mtanzania wa rika langu akizisikia anaisikia na sauti yenyewe redioni. Ubaya wa jedwali la kwenye simu ni kwamba lina safu moja tu, na hiyo yenyewe haijajaa hata nusu.

Tuanze na uwezo, maana ndiyo safu ndefu. Usiandike idadi ya ndege. Andika ndege zinazoweza kuruka kesho asubuhi. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na ndege nne kwenye kalenda yake ya ukutani. Zilizokuwa zinaruka ni mbili. Ya tatu ilikuwa inasubiri propela. Ya nne tulikuwa tumeichinja: leo pampu ya mafuta, wiki ijayo tairi la mbele, mpaka ikabaki boksi lenye namba ya usajili ubavuni. Abiria akitazama kalenda anahesabu nne. Majeshi nayo yana kalenda zao.

Kwa India, andika 42, kisha pembeni yake andika 29. Arobaini na mbili ni skwadroni za ndege za kivita ambazo jeshi lao la anga limeidhinishiwa kuwa nazo, kila moja ikiwa na ndege 16 hadi 18. Ishirini na tisa ndizo zilizobaki Septemba 2025, walipoziaga MiG-21 za mwisho, aina iliyoanza kazi kwao mwaka 1963. Bado wanaizidi Pakistan kwa idadi, ila pengo si lile la kwenye simu ya dogo. Pakistan nayo isikutie kiwi: ina J-10C za Kichina zilizoingia mwaka 2022, na hapohapo inaendelea kurusha Mirage, ndege ambazo za kwanza zilifika kwao miaka ya 1960. Kwa hiyo zitenganishe kwa umri. Ndege ya vita vya leo na ndege ya kujazia gwaride usiziweke mstari mmoja.

Halafu uliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kijiweni: spea anauza nani? Kati ya 2020 na 2024, asilimia 81 ya silaha ambazo Pakistan iliagiza nje zilitoka China. India ilichukua asilimia 36 Urusi, 33 Ufaransa na 13 Israel. Ukitegemea duka moja, mwenye duka akikununia umekwisha. Anayenunua kwenye maduka matatu ana nafuu hapo, lakini fundi wake analia, kwa sababu boliti ya Mrusi haiingii kwenye ndege ya Mfaransa. Mafunzo mawili, maghala mawili, vitabu viwili vya matengenezo. Nimewahi kuhudumia aina tatu za ndege katika hanga moja, na nawaonea huruma mafundi wa India kuliko marubani wao.

Duka kununa si hadithi. Mwaka 1990 Marekani ilizuia F-16 zipatazo 28 ambazo Pakistan ilikuwa imeziagiza, kisa mpango wa nyuklia. Pakistan ilikuwa imeshalipa mamia ya mamilioni ya dola. Ndege zikaenda kuegeshwa jangwani Arizona, mpya kabisa, zinapigwa jua. Suala la fedha lilikuja kumalizwa mwishoni mwa miaka ya 1990, sehemu kwa fedha taslimu na sehemu kwa bidhaa, ngano ikiwamo. Umeagiza ndege ya kivita, unaletewa ngano! Ukielewa hilo, hutashangaa kwa nini leo wananunua kwa Mchina.

Ukimaliza spea, angalia macho. Ndege ya kivita peke yake ni kama bondia kwenye chumba chenye giza. Pakistan ina ndege za rada za Saab kutoka Sweden. India ina rada za Israel zilizofungwa juu ya ndege kubwa za Kirusi, tatu tu, na nyingine ndogo za kwao. Ndege ya namna hiyo hukaa nyuma, mbali, na kuwapelekea picha walio mbele. Rubani wa mbele anaweza kuizima rada yake mwenyewe asijulikane alipo, akapiga kwa macho ya mwenzake. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei 2025 ndivyo walivyopigana: kwa makombora ya masafa marefu, kila mmoja upande wake wa mpaka, hakuna aliyemwona mwenzake kwa jicho. PL-15E, kombora la Kichina linalobebwa na J-10C, linatangazwa kufika kilomita 145. Kwa hiyo anayelinganisha ndege bila kulinganisha rada na makombora analinganisha mashati ya timu.

Sasa tahadhari kuhusu ushahidi, maana hapa ndipo vijana wanapotoana macho. Pakistan ilidai imetungua ndege tano za India, baadaye ikasema sita. Mwisho wa mwezi huo Jenerali Anil Chauhan, mkuu wa majeshi ya India, akiwa Singapore, alikiri kwamba walipoteza ndege, idadi akaikataa. Agosti mkuu wa jeshi lao la anga, A. P. Singh, akasema wao walitungua ndege tano za kivita za Pakistan na moja kubwa. Pakistan ikakanusha. Katika daftari ufanye hivi: neno la mtu akijisifu liandike kwa penseli, neno la mtu akikiri hasara yake liandike kwa kalamu. Na vipande visikupumbaze. Mabaki ya PL-15 yalipatikana shambani huko Hoshiarpur, Punjab ya India. Yanathibitisha kombora lilirushwa. Kwamba lilipiga kitu, hayasemi. Tena lililoangukia shambani likiwa karibu zima mimi ningelihesabu kama lililokosa.

Kukosa nakujua. Machi 1979 nilikuwa mtoto wa shule hapahapa Mwanza. Gaddafi alikuwa amemsaidia Amin kwa askari na kwa Tu-22, ndege ya mabomu inayokwenda kasi kuliko sauti. Kwenye jedwali lolote ndege hiyo ilikuwa inatisha. Ikaja kuupiga mji. Mabomu yakaangukia Saanane, kile kisiwa cha wanyama karibu na Capri Point, yakaua swala. Wakubwa walikuwa wanajificha, sisi watoto tunauliza swala wamekosa nini. Wiki mbili baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilikuwa mikononi mwa JWTZ, jeshi ambalo sehemu kubwa ya safari hiyo lilitembea kwa miguu. Tangu hapo mtu akinitajia kasi ya ndege namuuliza rubani wake amefanya mazoezi saa ngapi mwaka huu.

Mazoezi ni pamoja na kumjua wako. Tarehe 27 Februari 2019, India na Pakistan zikirushiana makombora kwenye anga la Kashmir, eneo wanaloligombea, India ilipoteza MiG-21 moja na rubani wake, Abhinandan Varthaman, akatekwa. Hiyo kila mtu anaijua. Isiyotajwa sana ni helikopta ya Mi-17 iliyoanguka asubuhi ileile huko Budgam. Iliuawa na kombora la India yenyewe. Wanajeshi sita waliokuwamo walikufa, na raia mmoja chini. Jedwali halina mstari wa ndege ulizojitungulia mwenyewe. Daftari lenu liwe nao.

Safu ya sababu nitaipitia haraka. Ugomvi wa Kashmir upo tangu 1947, na wote wawili wanaona wana haki, basi wako sawa. Utakachoandika hapo ni nani mwingine anayemngoja kila mmoja. India haiwezi kupeleka vyote mpaka wa magharibi, China iko kaskazini, na mwaka 2020 askari 20 wa India walikufa Galwan wakipigana na Wachina. Pakistan karibu jeshi lake lote la anga linatazama upande mmoja. Kwa ardhi, hata hivyo, Pakistan ni nyembamba: Lahore iko chini ya kilomita 30 kutoka mpakani, Delhi iko mamia ya kilomita. Mwaka 2024 bajeti ya ulinzi ya India ilikuwa zaidi ya mara 8 ya jirani yake. Vita vya siku nne haviioni bajeti hiyo. Vita vya mwaka mzima vingeiona.

Ila havifiki mwaka, na hapo ndipo safu ya nia inapoharibu hesabu zote. Mei 1998 nchi zote mbili zililipua majaribio ya nyuklia, kwa kupishana wiki mbili tu. Tangu siku hiyo swali la nani ataishinda nyingine kabisa limekosa maana. Unachokipima ni nani anaweza kumuumiza mwenzake kidogo, akasimama kabla ya mstari ambao hakuna aliyeuchora. Mwaka 2025 walisimama tarehe 10 Mei, siku ambayo India ilikuwa imepiga hadi kituo cha anga cha Nur Khan, Rawalpindi, mji wenye makao makuu ya jeshi la Pakistan.

"Kwa hiyo mzee nani mkali?" dogo akarudia. Nikamwambia kwa usiku mmoja, kwa macho na kombora, ningempa Pakistan. Kwa miezi sita ningempa India. Akasema hiyo ni sare. Si sare, ni mechi mbili tofauti.

Daftari linakaa kwa muuza kahawa, chini ya sinia la kashata. Juzi nimelikuta limefunguliwa ukurasa mpya, Ethiopia na Eritrea, mwandiko wa yule yule dogo. Idadi ya ndege hajaijaza. Mstari wa kwanza ameandika: spea, nani anauza?