Namna ya Kuitambua na Kuitunza Picha ya Kale ya Askari

Ukikabidhiwa kasha dogo lenye picha ya askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, usikimbilie kuifuta. Taswira yenyewe ni utando mwembamba wa fedha, na hata kitambaa laini chaweza kuukwangua.

Anza kwa kutambua aina yake. Igeuzegeuze kwenye mwanga: iking'aa kama kioo cha kujitazamia, na sehemu nyeupe zikageuka nyeusi, hiyo ni dagerotipu, ufundi uliotangazwa Ufaransa mwaka 1839 na ambao vita vilipoanza ulikuwa umekwisha kupitwa. Isipong'aa hivyo, sogeza sumaku ndogo juu ya kioo cha kinga bila kuisugua. Ikivutwa, picha iko juu ya bati la chuma, ufundi uliopewa hataza Marekani mwaka 1856. Isipovutwa, yaelekea ni picha ya kioo iliyowekewa weusi kwa nyuma. Askari walizipenda za bati kwa sababu zilikuwa za bei nafuu na hazikuvunjika zilipotumwa nyumbani kwa posta.

Kisha isome. Kwa kawaida picha hizi hutokea kinyume, kulia kukawa kushoto, kiasi kwamba hata herufi US kwenye bizimu ya mkanda husomeka kinyumenyume. Basi usiseme kwamba askari alitumia mkono wa kushoto kabla hujatazama vifungo vya koti lake. Wekundu wa mashavuni na dhahabu ya vifungoni vilipakwa kwa mkono studioni, kwa hiyo viache vilivyo.

Andika kila unachokiona, hata kinachoonekana kidogo. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, maiti ya askari asiyejulikana ilikutwa na picha ya kioo ya watoto watatu. Magazeti yaliieleza kwa maneno tu, nguo za watoto zikiwemo, na kwa maelezo hayo mkewe akatambua kwamba marehemu ni Amos Humiston wa Portville, New York. Kwangu mimi hakuna hoja nzito kuliko hiyo ya kuandika kwa makini.

Ihifadhi pakavu, mbali na jua. Kasha likiwa limekwisha kufunguka, usitupe unywele wala kikaratasi kilichokunjwa nyuma ya picha, kwani pengine ndicho pekee chenye jina. Ukiona vitone ndani ya kioo cha kinga, mpelekee mhifadhi wa makumbusho kabla havijaifikia taswira.